Mizinga ya Königsberg: manowari iliyozama Rufiji ikaendelea kupigana nchi kavu

Ndugu wanajukwaa,

Wengi wenu mliowahi kuingia Fort Jesus pale Mombasa mmepita karibu na mizinga miwili ambayo haikuletwa na Wareno wala haikuwahi kuilinda ngome ile. Mmoja ni wa inchi nne, na ulitoka katika manowari ya Waingereza iliyoitwa HMS Pegasus. Wa pili ni wa sentimita 10.5, na ulitoka katika manowari ya Wajerumani, SMS Königsberg. Manowari hizo zilipambana mara moja tu, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 katika bandari ya Unguja, na baada ya pambano hilo Pegasus haikuelea tena. Leo mizinga ya mshindi na ya mshindwa imehifadhiwa ndani ya ngome moja.

Niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la saba, katika ziara ya shule kutoka hapa Nairobi, na mwelekezi wetu aliieleza kwa sentensi moja kabla ya kutupeleka kwenye kuta za Wareno. Swali lililonikaa kichwani siku ile sijaliacha mpaka leo: mzinga wa meli iliyozama katika delta ya Rufiji, mamia ya kilomita kusini ya Mombasa, ulifikaje pale? Kwa zaidi ya miaka ishirini, jioni baada ya kazi na Jumamosi nyingi maktabani, nimekuwa nikiufuatilia mzinga huo na wenzake tisa. Vitabu vingi huifunga habari ya Königsberg siku ilipozamishwa, Julai 1915. Mimi nimefikia kuamini kwamba siku hiyo ni katikati ya habari, na kwamba nusu ya pili, ambayo ilibebwa mabegani na kuvutwa kwa kamba na watu wa nchi hizi zetu, ndiyo nzito zaidi.

Nianze na meli yenyewe, kwa ufupi, kwa kuwa sehemu hii ndiyo inayojulikana.

Königsberg iliundwa Kiel na kuingia kazini mwaka 1907. Ilikuwa manowari nyepesi yenye urefu wa mita 115 hivi, mwendo wa karibu maili 24 za baharini kwa saa, na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Ilifika Dar es Salaam mwezi Juni 1914 chini ya Kapteni Max Looff, ikang'oa nanga tarehe 31 Julai vita vilipokuwa vikinukia, na tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, iliyokuwa imebeba chai. Baada ya hapo tatizo lake kubwa likawa makaa ya mawe. Waingereza waliyanunua makaa yaliyokuwa yakipatikana Beira ili Mjerumani asiyapate, na manowari isiyo na makaa ni chuma kinachoelea tu. Looff akajificha katika delta ya Rufiji, ambako mto unagawanyika katika midomo mingi, Simba Uranga na Kikunya ikiwa miongoni mwayo, yote imefunikwa na mikoko inayoficha hata mlingoti.

Kutoka humo ndimo alimotokea kuishambulia Pegasus, ambayo ilikuwa imezima mitambo ili isafishwe. Mizinga ya Königsberg ilirusha mbali zaidi, kwa hiyo Waingereza walipigwa bila makombora yao kumfikia adui, na zaidi ya mabaharia 30 wakafa. Lakini baada ya ushindi huo injini moja ya Königsberg ikaharibika. Ikarudi Rufiji, na vipande vya injini vikasafirishwa nchi kavu, zaidi ya kilomita 100, mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa na kurudishwa. Hapa ndipo tunapokutana kwa mara ya kwanza na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Vipande vya injini ya meli vilivutwa na mamia ya watu katika mchanga na matope, na kazi hiyo hutajwa vitabuni kana kwamba vyuma vile vilitembea vyenyewe.

Tarehe 30 Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza HMS Chatham ikagundua maficho. Tangu siku hiyo Königsberg haikutoka tena. Waingereza walizamisha meli kuukuu iliyoitwa Newbridge katika mlango mmoja wa delta ili kuuziba, wakaleta ndege zilizoharibiwa vibaya na joto na unyevu, na mwishowe wakazikokota kutoka Malta manowari mbili bapa, Severn na Mersey. Hizi zilikuwa zimeundwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, zikachukuliwa vita vilipoanza, na kwa kuwa kina chake majini kilikuwa chini ya mita mbili ziliweza kupanda mtoni ambako manowari kubwa zingekwama. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 lilishindwa, na Mersey ikapigwa. Tarehe 11 Julai walirudi, ndege ikiwa angani kuwaelekeza wapigaji mizinga. Ndege hiyo ilipigwa, na ilipokuwa ikishuka mtaalamu wa ishara aliyekuwa ndani yake aliendelea kutuma maelekezo mpaka walipoanguka mtoni. Königsberg ikawaka moto, na Looff akaamuru ilipuliwe.

Hapo vitabu vingi hufungwa. Sasa tuendelee.

Königsberg haikuzama kilindini. Ilikaa juu ya matope ya mto, na sehemu kubwa ya sitaha yake ilibaki ikifikika. Mabaharia na vibarua wakarudi wakaing'oa mizinga yote kumi, pamoja na makombora yaliyosalia. Bomba la mzinga mmoja peke yake lina urefu wa zaidi ya mita nne na uzito wa karibu tani moja na nusu, kabla hujahesabu kitako wala ngao yake. Mizinga hiyo ilivutwa kutoka delta hadi Dar es Salaam, na katika karakana za reli mafundi wakaiundia magari ya magurudumu. Naomba tuifikirie kazi hii kwa utulivu. Mzinga wa meli huundwa kusimama juu ya sitaha ya chuma, ambako meli yenyewe huupokea mshtuko. Kuutoa hapo na kuuweka juu ya magurudumu yatakayopita porini, nao uweze kufyatuliwa bila kupinduka, ni ufundi mkubwa, na mikono mingi iliyofanya kazi katika karakana zile ilikuwa ya mafundi Waafrika na Wahindi wa reli.

Makombora nayo yana habari yake. Meli iliyoitwa Rubens, ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilitumwa kutoka Ujerumani kuiletea Königsberg makaa na silaha. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikimbiza hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915, nayo ikaenda kukwama ufukweni huku ikiwaka. Waingereza waliondoka wakiamini kila kitu kimeteketea. Shehena nyingi ilikuwa bado nzima chini ya maji, na Wajerumani wakaitoa kidogo kidogo, wakaianika risasi juani moja baada ya nyingine. Mwezi Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi karibu na Lindi na kupakua silaha zaidi. Shehena hiyo nayo ikagawanywa mizigo mizigo na kubebwa na wapagazi kwenda bara.

Ndivyo vita vya Mjerumani vilivyopata mizinga mikubwa kuliko iliyokuwa ikitarajiwa katika nchi hizi. Mizinga ikatawanywa: mingine ikabaki kuilinda Dar es Salaam, mmoja ukapelekwa Mwanza kutazama ziwa, mwingine Kigoma, na mingine ikafuatana na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika nchi hizi. Mwezi Machi 1916 mmoja ulikuwa Kahe, chini ya Kilimanjaro, ukiwapiga askari wa Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, kamanda wa upande wa Waingereza, waliokuwa wameingia kupitia Taveta. Wajerumani waliuharibu na kuuacha walipoondoka. Mwezi Mei mwaka huohuo mizinga ya Königsberg ilisikika Kondoa Irangi, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Jambo la kustaajabisha ni kwamba Waingereza nao walikuwa wameiopoa mizinga ya Pegasus kutoka bandari ya Unguja, wakaiwekea magurudumu, na kuipeleka vitani nchi kavu. Kwa hiyo meli mbili zilizokuwa tayari zimezama ziliendelea kuwindana porini.

Sisi wa Nairobi tuna sehemu yetu ya moja kwa moja katika jambo hili. Ili Smuts afike Kahe, ilijengwa reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, na wanaume waliojenga, waliobeba na waliopika walipitia kambi za hapa mjini. Nitaeleza zaidi chini.

Mchangiaji kutoka Kisumu:

Nakushukuru sana, ndugu. Naomba kuongeza habari ya ziwa letu, kwa sababu huku vita vya majini vilianza mapema, na vijana wengi wa Kisumu hawajui kwamba bandari wanayoipita kila siku iliwahi kuwa kituo cha kivita. Meli za Reli ya Uganda, Winifred na Sybil zikiwemo, ziliundwa Uingereza, zikaletwa vipande vipande kwa meli na gari la moshi, na kuunganishwa hapa Kisumu. Vita vilipoanza zilifungwa mizinga zikawa manowari za ziwani. Wajerumani walikuwa na meli ndogo iliyoitwa Muansa. Mwezi Septemba 1914 walivuka mpaka wakaingia Kisii, na Winifred ilipotumwa Karungu ilikutana na Muansa ikalazimika kurudi nyuma kwa mara ya kwanza. Mwezi Novemba Sybil ilikwama mwambani upande wa Wajerumani, na mwaka uliofuata ikanasuliwa na kurudishwa kazini. Mwezi Juni 1915 meli hizohizo zilibeba wanajeshi kutoka Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba, wakauvunja mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Swali langu ni hili: mzinga ulioutaja, uliopelekwa Mwanza, uliwahi kutishia meli zetu?

Jibu la mwanzisha uzi:

Ahsante kwa nyongeza hiyo, ndugu yangu. Mzinga wa Mwanza ulikuwa tishio kwa kuwepo kwake tu. Meli za Kisumu zilikuwa za abiria na mizigo, hazikuwa na ngao ya chuma, na kombora moja la sentimita 10.5 lingetosha kuifanya Winifred ifuate njia ya Pegasus. Ndiyo maana Mwanza ilipotwaliwa katikati ya Julai 1916, wanajeshi hawakushushwa mbele ya bandari. Walishushwa kando na kuukaribia mji kwa nchi kavu.

Mzinga wa Kigoma una mkasa unaofanana na huo. Ulifungwa juu ya meli Graf von Götzen, ambayo iliundwa Papenburg, ikavunjwa na kupakiwa katika makasha karibu 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli mpya. Iliteremshwa majini mwezi Februari 1915. Kwa mzinga ule wa Königsberg, Götzen ikawa chombo chenye nguvu kuliko vyote katika Ziwa Tanganyika. Waingereza walileta mashua mbili za injini zenye urefu wa mita 12 hivi, zilizopewa majina ya “Mimi” na “Toutou”, kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha kwa matrekta ya mvuke, maksai na mamia ya vibarua Waafrika juu ya milima ya Mitumba. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, aliiteka meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, siku ya pili ya Krismasi 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, tarehe 9 Februari 1916. Lakini Götzen ilipojitokeza hakuisogelea. Kwa maoni yangu alikuwa na haki, kwa sababu mashua za mbao hazipaswi kupelekwa mbele ya mzinga ule. Baadaye Wajerumani wakauhitaji mzinga nchi kavu, wakauondoa, na mahali pake wakaweka wa bandia wa mbao. Hebu fikirini: ziwa zima lilizuiwa na gogo. Tarehe 26 Julai 1916 wenyewe waliizamisha Götzen baada ya kuipaka injini zake mafuta mazito ili zisishike kutu. Iliinuliwa miaka ya baadaye, na mwaka 1927 ikaanza kusafiri tena kwa jina la Liemba.

Neno moja dogo kabla sijaendelea. Lugha yetu inauita mzinga wa vita kwa jina lilelile la mzinga wa nyuki, kwa sababu vyote viwili ni kitu kirefu chenye uwazi ndani. Mzinga wa mbao juu ya Götzen nadhani uliukaribia ule wa nyuki kuliko ule wa vita.

Mchangiaji kutoka Eastleigh:

Kaka, umeandika mara nyingi kwamba mizigo ilivutwa na kubebwa na watu. Kwa nini hawakutumia ng'ombe, punda au magari? Je, lilikuwa jambo la dharau tu kwa Waafrika, au palikuwa na sababu nyingine?

Jibu la mwanzisha uzi:

Swali lako, dada, ndilo moyo wa uzi huu, na nitalijibu kwa urefu.

Sababu ya kwanza ni mbung'o. Sehemu kubwa ya nchi kati ya Kilimanjaro na Ruvuma ilikuwa na mbung'o, nzi anayewaambukiza wanyama ugonjwa wa kuua, na wanyama wengi wa mizigo walioingia humo walikufa. Farasi wa wanajeshi kutoka Afrika Kusini walikufa kwa maelfu, na nyumbu na maksai wakawafuata. Magari yalikuwepo machache, na mvua za masika za 1916 ziliigeuza barabara kuwa matope ambamo gari lilizama hadi ekseli. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu.

Lakini upagazi wa vita una hesabu mbaya ndani yake. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi. Yeye mwenyewe alihitaji kula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Ukimtuma safari ya siku kumi na mbili kwenda na nyingine kumi na mbili kurudi, na njiani hakuna chakula, atakuwa ameumaliza mzigo wote bila askari wa mbele kupata hata kibaba. Kwa hiyo kila jeshi lilipozidi kuisogelea Ruvuma lilihitaji wapagazi zaidi wa kuwalisha wapagazi, na idadi ikapanda mpaka wilaya nzima zikabaki bila vijana. Mwaka 1917 serikali ya hapa ilipiga msako mkubwa wa wanaume, kutoka pwani hadi Nyanza, kwa amri ambayo haikumwacha mtu achague.

Hapo ndipo dharau inapoingia, na sitaificha. Mbung'o alieleza kwa nini watu walihitajika, lakini hakueleza kwa nini walipewa blanketi moja na chakula kisichowafaa. Wengi walitoka katika jamii zisizozoea unga wa mahindi, wakapewa unga huo bila sufuria za kutosha wala muda wa kuupika ukaiva, na kuhara damu kukawaua wengi kuliko risasi. Malaria na homa ya mapafu vikafanya mengine. Wanahistoria wengi wanataja kwamba upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa ni karibu 100,000. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa kwa uangalifu hata huo mdogo, na vijiji vilivyonyang'anywa nafaka na pande zote mbili vilipata njaa ambayo haimo katika orodha yoyote ya wafu.

Kambi yao hapa mjini ilikuwa mashariki ya katikati ya Nairobi. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, likapinda katika vinywa vya watu likawa Kariokor kwetu na Kariakoo kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam, ambako kambi kama hiyo ilikuwepo pia. Tunanunua vikapu na kula nyama choma Kariokor, na wengi hatujui kwamba tunatamka jina la kikosi. Kutoka hapo hadi Kenyatta Avenue, ambako zimesimama sanamu za shaba za askari na mpagazi, ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Sanamu hizo ziliwekwa miaka ya 1920, zina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na maandishi hayo yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nimesimama pale mara nyingi saa za mchana nikiwatazama watu wakikimbilia matatu zao. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, ana bunduki, na mpagazi hana kitu cha kujikinga nacho.

Namalizia na mizinga yenyewe, kwa kuwa niliahidi kuifuata mpaka mwisho. Baada ya Dar es Salaam kuanguka mwezi Septemba 1916, iliyosalia ilivutwa kuelekea kusini. Kila makombora yalipopungua au njia ilipokuwa mbaya kupita kiasi, mzinga ulilipuliwa mdomo na kuachwa. Mabaharia wa Königsberg, waliokuwa sasa wamegeuka askari wa miguu, walikuwa wakifa kwa malaria mmoja baada ya mwingine. Mpaka Lettow-Vorbeck alipouvuka mto Ruvuma mwishoni mwa Novemba 1917 na kuingia nchi ya Wareno, Msumbiji ya leo, hakubaki hata mmoja wa mizinga ile kumi. Alipoweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, mzinga pekee aliokuwa nao ni alioupora kwa Wareno.

Aliyeniuliza kwa ujumbe kama mabaki ya meli bado yanaonekana Rufiji: yalionekana kwa miongo mingi, yakiegemea upande mmoja katikati ya mikoko, mpaka yalipokatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu katika miaka ya 1960. Mzinga mmoja uko Pretoria mbele ya majengo ya serikali, na mwingine ni ule wa Fort Jesus. Atakayekwenda Mombasa likizo hii auwekee mkono kwenye bomba lake, apime kwa hatua zake urefu wa zaidi ya mita nne, kisha afikirie kamba mabegani na matope ya delta mpaka magotini.